Mbwa Anajikuna: Tusimtibu kwa Sumu

Mara nyingi tukisema mifugo tunafikiria ng'ombe, mbuzi na kuku. Leo tutazungumza juu ya mbwa.

Wengine mtacheka. Mtasema, "Mbwa naye ana somo?" Naam, analo. Mbwa ni askari wetu wa usiku. Hatumlipi mshahara. Anakula ukoko wa ugali na mifupa, kisha analala nje na kutulindia zizi. Lakini siku anapougua ngozi, tunamtibu kwa kitu chochote kilicho karibu. Tunampaka oili chafu, tunammwagia mafuta ya taa, au tunamnyunyizia dawa ya pamba. Tunadhani tunamponya, kumbe tunamuua.

Sisi tunaoandika somo hili tulifanya kosa hilo. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwacheka wengine. Tunaandika ili kosa letu liwe faida kwenu.

YALIYOTUPATA SISI

Nyumbani kwetu, huku Kanda ya Ziwa, tulikuwa na mbwa wawili. Dume tulimwita Watasema. Jike tulimwita Subiri. Watasema alikuwa mkali kwa fisi na mpole kwa watoto.

Kiangazi kimoja Watasema alianza kujikuna. Alijikuna mchana na usiku. Nywele zilinyonyoka kwenye ncha za masikio, kwenye viwiko na tumboni. Ngozi ikawa nyekundu, halafu ikawa ngumu yenye magamba, kama gome la mti. Alikonda. Usiku hakubweka tena, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujikuna tu.

Jirani mmoja akatuambia, "Mpakeni oili chafu. Atapona." Tulikwenda kwenye mashine ya kusaga, tukapewa kopo la oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Tulimpaka mwili mzima. Watasema alijilamba mpaka mdomo ukawa mweusi. Kesho yake alihara. Baada ya wiki moja upele ulikuwa pale pale.

Hapo tulipaswa kumwita bwana mifugo. Hatukumwita. Tulisema, "Oili peke yake haina nguvu. Tuongeze dawa ya pamba." Tulikuwa na dawa iliyobaki katika chupa ya soda. Chupa ya soda haina kibandiko cha dawa, kwa hiyo hatukujua ni dawa gani wala kipimo chake. Tulikisia. Mtoto wetu wa miaka tisa alimshika mbwa, nasi tukapaka.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa kumi na mbili jioni Watasema alianza kutoa mate mengi. Alitetemeka, akashindwa kusimama. Mtoto naye alisema kichwa kinamuuma, akatapika. Tulimwosha mtoto, tukamkimbiza zahanati. Tunashukuru, alipona. Tuliporudi alfajiri, Watasema alikuwa amekufa karibu na mlango wa zizi.

Kabla mwezi haujaisha fisi waliingia, wakachukua mbuzi wawili. Basi, dawa ya bure ilitugharimu mbwa mmoja na mbuzi wawili, na nusura itugharimu mtoto.

NGOZI SI UKUTA

Ukipaka rangi ukuta, rangi inabaki nje. Ngozi si hivyo. Ngozi ni kitu hai. Baadhi ya sumu hupita katika ngozi na kuingia kwenye damu. Ngozi yenye vidonda hupitisha sumu nyingi zaidi, kwa sababu ile kinga ya juu imekwisha kuvunjika. Na mbwa mwenye upele ana vidonda vingi.

Sumu humwingia mbwa kwa njia tatu:

1. Kwa ngozi, hasa yenye vidonda.
2. Kwa mdomo. Mbwa akiwashwa hujilamba. Kila unachompaka nje, hesabu kwamba atakimeza.
3. Kwa pua. Mvuke wa mafuta ya taa, petroli na dawa za mimea huingia katika mapafu.

Tena kuna njia ya nne, na hii ni yetu sisi. Mtoto humshika mbwa, kisha hushika tonge. Sumu ya mbwa inakuwa sumu ya nyumba.

KWA NINI MBWA ANAJIKUNA?

Kujikuna si jina la ugonjwa. Ni dalili tu. Mtu akikohoa huenda ana mafua, huenda ana kifua kikuu. Vivyo hivyo mbwa akijikuna, sababu ni nyingi. Tuzitazame zile tunazoziona sana vijijini.

Viroboto. Ni wadudu wadogo wa rangi ya kahawia, wenye kuruka. Fumua nywele juu ya mkia, utaona uchafu mweusi kama mchanga. Weka uchafu huo juu ya karatasi nyeupe yenye maji. Ukitoa rangi nyekundu, ni kinyesi cha viroboto. Ile rangi nyekundu ni damu ya mbwa wako.

Kupe. Hawa mnawajua. Hukaa sana masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Hunyonya damu na kuleta homa.

Upele. Huletwa na vidudu vidogo mno, visivyoonekana vizuri kwa macho. Jike la kidudu huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huanzia sana kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo. Huu ndio ugonjwa uliompata Watasema. Huambukiza mbwa wengine upesi. Mtu akimshika mbwa huyo anaweza kuwashwa na kupata vipele, lakini vidudu vya mbwa havidumu katika ngozi ya mtu. Mbwa akitibiwa, kwa kawaida mtu naye hupata nafuu.

Upele wa watoto wa mbwa. Huu huletwa na vidudu vya aina nyingine. Mtoto wa mbwa huvipata kwa mama yake anaponyonya. Nywele hunyonyoka kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele. Huu hauambukizi watu.

Choa. Huu ni ugonjwa wa ukungu. Nywele hunyonyoka na kuacha duara. Huambukiza watu, hasa watoto.

Funza wa nzi. Nzi hutaga mayai katika mchanga au malalo ya mbwa. Funza huingia katika ngozi na kufanya jipu lenye tundu dogo katikati.

Je, mmeona? Sababu ni sita, na dawa zake si moja. Dawa ya kuua vidudu vya upele haiponyi choa, wala dawa ya choa haiondoi viroboto. Ndiyo maana kupaka tu bila kujua ugonjwa ni kama kufyatua mshale gizani.

DAWA ZA NYUMBANI ZENYE HATARI

1. Oili chafu. Oili iliyokwisha kutumika katika injini ina vumbi la vyuma vilivyosagika na masalia ya moto wa injini. Mbwa akiilamba hutapika na kuhara, na ini na figo zake zinaweza kuharibika. Oili hugandisha nywele. Juani humchoma mbwa na kumzidishia joto.

2. Mafuta ya taa, dizeli na petroli. Haya huunguza ngozi. Mbwa akiyalamba na kuyatapika, huweza kuingia katika mapafu na kuleta nimonia. Tena yanashika moto. Mbwa aliyepakwa mafuta ya taa akilala karibu na jiko, ni hatari kwa nyumba nzima.

3. Dawa ya pamba na dawa nyingine za mimea. Dawa hizi zimetengenezwa kuua wadudu shambani. Nyingi huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni ile inayopeleka habari mwilini, kama waya za simu. Ikiharibika mbwa hutoa mate, hutetemeka, hushindwa kupumua na kufa. Mtu pia hufa hivyo hivyo.

4. Dawa ya josho iliyokisiwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe huja ikiwa kali sana. Lazima ichanganywe na maji kwa kipimo. Wengine husema, "Nitaitia kidogo bila maji, ili ishike." Hapana. Dawa hiyo bila maji ni sumu. Tena dawa nyingine za ng'ombe hazifai kabisa kwa mbwa, hata zikichanganywa. Watoto wa mbwa ndio hudhurika kwanza.

5. Maji ya betri. Hii ni asidi. Hula nguo, hula ngozi, na huweza kupofusha macho ya mbwa na ya mtu anayepaka.

6. Mrututu. Wengine huusaga na kuutia kwenye vidonda. Una shaba ndani yake. Huunguza nyama, na mbwa akiulamba unamdhuru tumbo na ini.

7. Maji ya tumbaku. Tumbaku ina sumu iitwayo nikotini, ambayo hupita katika ngozi. Kwa kuwa imetoka shambani, watu hudhani ni salama. Hata uyoga wa sumu hutoka porini.

8. Vidonge vyetu vya maumivu. Mtu humwonea huruma mbwa, akampa kidonge cha diklofenaki au cha ibuprofeni. Tumbo la mbwa si kama la mtu. Vidonge hivyo huweza kulitia vidonda vya kutoka damu, na kuharibu figo.

"MBONA MBWA WA FULANI ALIPONA?"

Swali hili huulizwa kila mara, nalo ni swali zuri. Wapo mbwa waliopakwa oili chafu na nywele zikaota tena. Kwa nini?

Kwanza, oili huweza kuziba pumzi za baadhi ya wadudu walio juu ya ngozi. Lakini vidudu vya upele vimo ndani ya ngozi pamoja na mayai. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na ugonjwa unarudi.

Pili, mbwa mwingine hakuwa na upele. Alikuwa na viroboto au aliumwa na nzi. Msimu ulipobadilika akapona mwenyewe. Sifa ikaenda kwa oili.

Tatu, aliyepona tunamwona akipita njiani. Aliyekufa amekwisha kuzikwa, hatumwoni. Kwa hiyo watu huwahesabu waliopona, wala hawawahesabu waliokufa.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Ninyi mmejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapa ndipo hesabu inapookoa uhai.

Hesabu ya kwanza. Kibandiko cha dawa fulani ya josho kinasema: mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Bomba la kunyunyizia lina lita 15. Utatia dawa kiasi gani? 2 mara 15 ni 30. Utatia mililita 30. Mtu akitia mililita 150 kwa kukisia, ametia mara 5 ya kipimo. Usipime kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko cha chupa hii si sawa na kifuniko cha chupa ile. Tumia bomba la sindano au kikombe chenye alama.

Hesabu ya pili. Iko dawa ya sindano ya ng'ombe iitwayo ivamektini. Ile ya kawaida ya ng'ombe hupimwa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 hupata mililita 5. Sasa tumchukue mbwa wa kilo 15. Kwa kipimo hicho hicho, ni mililita 0.3 tu. Hicho ni kiasi kidogo sana, kama matone machache. Mtu akisema, "Mbwa ni mdogo, nitampa mililita 2," amempa zaidi ya mara 6. Mbwa anaweza kupofuka, kuzimia au kufa. Tena wapo mbwa wa mbegu za kigeni, kama wale wa aina ya Collie, ambao wengi wao hawaivumilii dawa hii hata kwa kipimo cha ng'ombe. Hatuwapi hesabu hii ili mchome sindano. Kuchoma ni kazi ya bwana mifugo. Tunawapa ili muone jinsi kukisia kunavyoua.

Hesabu ya tatu. Utajuaje uzito wa mbwa? Panda kwenye mzani peke yako. Tuseme ni kilo 62. Kisha mbebe mbwa, upande tena. Tuseme ni kilo 77. 77 toa 62 ni 15. Mbwa ana kilo 15. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, umpe bwana mifugo. Atafurahi.

SOMA KIBANDIKO

Kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa, soma mambo haya matano:

Jina la dawa.
Mnyama au mmea uliotajwa. Kama mbwa hakutajwa, usimtumie mbwa mpaka umuulize mtaalamu.
Kipimo.
Tarehe ya mwisho wa kutumika.
Maonyo na alama.

Chupa nyingi za dawa za mimea zina mstari wa rangi upande wa chini. Nyekundu maana yake ni sumu kali sana. Manjano ni sumu ya hatari. Buluu na kijani hatari yake ni ndogo zaidi, lakini hata hizo si maji ya kunywa. Picha ya fuvu na mifupa miwili maana yake ni kifo.

Usihamishe kamwe dawa kutoka chupa yake na kuitia katika chupa ya soda. Ukiacha kibandiko, umeacha macho yako. Sisi tulikuwa tunajua kusoma siku ile, lakini hatukuwa na cha kusoma.

NJIA ILIYO SALAMA

Baada ya Watasema kufa, Subiri naye alianza kujikuna. Safari hii tulimpigia simu bwana mifugo, au afisa mifugo kama anavyoitwa siku hizi. Alikuja na kumchunguza. Alikwangua ngozi kidogo kwa kisu butu na kwenda kuitazama kwa hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. Alisema ni upele. Tulifuata maelezo yake hatua kwa hatua:

Kwanza, tulimtenga Subiri na mbwa wa jirani. Jirani naye tulimwambia, ili mbwa wake watazamwe. Ukitibu mbwa mmoja na kuacha wenzake, upele unarudi.

Pili, tulimwosha kwa maji na sabuni ya kawaida, taratibu, ili magamba yalainike. Tulimsuuza vizuri na kumkausha. Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi.

Tatu, bwana mifugo alimpima uzito na kumpa dawa yake. Alirudi baada ya wiki 2 kumpa tena. Tulimuuliza, "Mbona tena?" Akajibu, "Yale mayai yaliyobaki yamekwisha kuanguliwa. Lazima tuvikute vidudu vipya kabla havijataga." Msikatize dawa kwa sababu tu mbwa ameacha kujikuna.

Nne, tulichoma magunia ya malalo yake. Mahali pake tulipafagia na kupaacha wazi juani.

Tano, tulimwongezea chakula. Ugali mtupu haumtoshi mgonjwa. Tulimpa dagaa na mabaki ya samaki yasiyo na miiba mikali.

Katika wiki ya sita nywele mpya zilikuwa zimeota. Subiri akaanza kubweka usiku. Hatujawahi kufurahia kelele kama zile.

Mtauliza, "Na gharama je?" Ni kweli, dawa ya bwana mifugo ina bei. Lakini linganisheni bei hiyo na mbuzi wawili. Tena kijiji kinaweza kupanga siku moja, watu wote walete mbwa wao. Hapo gharama ya safari ya bwana mifugo hugawanywa. Siku hiyo hiyo waulizieni chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo hulinda mbwa na watu pia.

YAPO YA KUFANYA NYUMBANI

Hatusemi kila cha nyumbani ni kibaya. Haya mnaweza kuyafanya bila hatari:

Ng'oa kupe kwa mkono uliovikwa plastiki, au kwa koleo dogo. Mkamate karibu na ngozi, umvute polepole. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta ya taa.

Chana viroboto kwa kitana chenye meno ya karibu. Vitumbukize katika maji ya sabuni. Fagia sakafu na malalo kila siku, kwa sababu mayai mengi ya viroboto yako huko, si juu ya mbwa.

Osha vidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Kijiko kimoja kidogo cha chai katika nusu lita kinatosha. Usipake chumvi kavu wala pilipili. Hayo ni mateso, si matibabu.

Kwa funza wa nzi, paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya tundu. Funza hukosa hewa na kujitokeza. Kisha bonyeza pande zote mbili atoke mzima. Osha mahali hapo.

KAMA MBWA AMEKWISHA KUPAKWA SUMU

Kama ni oili chafu: ifute kwanza kwa kitambaa. Sugua nywele kwa mafuta ya kula ili oili ilegee, kisha osha kwa maji na sabuni mara kadhaa. Usitumie petroli wala mafuta ya taa kuiondoa.

Kama ni dawa ya mimea au ya josho: vaa plastiki mikononi. Mwoshe mara moja kwa maji mengi na sabuni. Usimtapishe wala usimnyweshe kitu kwa nguvu. Mpigie bwana mifugo, au mpeleke mbwa kwake pamoja na chupa ya dawa. Ziko dawa za kupinga baadhi ya sumu, lakini lazima ajue ni sumu gani.

Kama mtu ameguswa na sumu: avue nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe zahanati upesi. Chupa iende naye.

Jihadharini na jambo moja. Mbwa anayetoa mate na kutetemeka huenda amekula sumu, lakini pia huenda ana kichaa cha mbwa. Usitie mkono wako mdomoni mwake. Kama huna hakika kwamba alipakwa sumu, usimkaribie. Mwite bwana mifugo. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje dalili. Dalili zikitokea, mgonjwa haponi.

NENO LA MWISHO

Ndugu wasomaji, mbwa hawezi kusema, "Dawa hiyo inaniunguza." Hawezi kusoma kibandiko. Sisi tunaweza. Mtu aliyejifunza kusoma amejifunza pia kuwasomea wasioweza, na mbwa ni mmoja wao.

Leo jioni mwiteni mbwa wenu. Tazameni masikio, viwiko na tumbo lake. Kisha tazameni chini ya kitanda na kwenye ghala. Kama kuna chupa ya soda yenye dawa isiyojulikana, msiimwage mtoni wala kisimani. Ifungeni vizuri, iwekeni mbali na watoto, na mumuulize afisa kilimo jinsi ya kuiondoa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dalili: jambo linaloonyesha kwamba ugonjwa upo.
Kibandiko: karatasi yenye maelezo iliyobandikwa kwenye chupa.
Kukisia: kupima bila kipimo.
Kuambukiza: kupeleka ugonjwa kwa mwingine.
Malalo: mahali mnyama anapolala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja njia tatu ambazo sumu humwingia mbwa. Njia ya nne inamhusu nani?
2. Kwa nini upele hurudi baada ya kupaka oili chafu?
3. Kwa nini bwana mifugo alirudi baada ya wiki 2?
4. Kibandiko kinasema mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Ndoo ina lita 10. Utatia dawa kiasi gani?
5. Juma ana kilo 58. Akimbeba mbwa wake, mzani unasoma kilo 70. Mbwa ana kilo ngapi?
6. Katika kijiji chenu watu huwapaka mbwa vitu gani? Ni vipi kati ya hivyo mtaviacha kuanzia leo?

Majibu ya hesabu: swali la 4, mililita 20, swali la 5, kilo 12.